Je, Wajua? Mwaka 1707 Uskoti haikutekwa

Wengi hudhani Uingereza iliimeza Uskoti kwa upanga. La hasha! Januari 1707 wabunge wa Edinburgh wenyewe waliridhia mkataba uliolifuta bunge lao, na muungano ukaanza Mei mosi. Nchi ilikuwa hoi kifedha: mradi wa koloni la Darien, kule Panama, ulikuwa umezamisha akiba za watu, na mkataba ukaahidi pauni 398,085 na shilingi 10, sehemu yake ikiwa fidia yao. Watakaosema wabunge walihongwa hawakosei sana. Fedha ziligawiwa kwa siri, huku wananchi wakifanya ghasia barabarani. Lakini rushwa pekee haielezi kwa nini sheria, mahakama na kanisa lao vilisalimika. Hapo palikuwa na majadiliano makali. Edinburgh ilikaa bila bunge hadi 1999.