Saadani, kisiwa cha nchi kavu

Kwenye ramani, Saadani ni kijiji cha bara kama Mlingotini au Kaole, lakini maisha yake ni ya kisiwani. Mashariki ni bahari ya kina kifupi na matope, ambayo maji yakipwa vyombo hulala ubavu mpaka yajae tena. Kusini kuna mashamba ya chumvi, kisha mikoko na mdomo wa mto Wami. Kwingineko kijiji kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ndani yake wamo tembo na simba. Mwenye haja ya hospitali kubwa au soko hana budi kukata pori, na masika yakishika, udongo mweusi wa njia hiyo hunasa magari. Mtu wa Jibondo kule Mafia, au wa Kojani kule Pemba, angeutambua uchumi huu mara moja: samaki wapo, mnunuzi yuko mbali, na kila kinachofika dukani kimeshaongezewa nauli.

Dawa inayotajwa zaidi siku hizi ni barabara. Ile ya pwani, itokayo Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, zaidi ya kilomita 240, inajengwa kwa awamu, na ni sehemu ya mpango wa kuiunganisha pwani hii na Mombasa na Malindi. Mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitali usiku hatabishana na lami, na hakuna sababu ya mtu mwingine kubishana nayo kwa niaba yake. Ila barabara hupunguza gharama ya umbali tu. Haiamui nani atakula kile kilichookolewa. Kijiji kisicho na haki ya kudumu juu ya ufukwe wake, wala mahali pa kuhifadhi samaki wake, kikiunganishwa na mji kitaona samaki wakiondoka haraka zaidi, na faida ikiondoka nao.

Saadani imekwisha kuonja utajiri wa njia. Katika karne ya 19 ilishindana na Bagamoyo kupokea misafara ya pembe za ndovu kutoka bara, na mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walianzia hapo safari yao ya kwenda Ujiji. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, alikuwa na nguvu za kuyarudisha majeshi ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1882, na miaka michache baadaye akawasumbua Wajerumani hata baada ya mji wake kupigwa mizinga. Halafu reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na nyingine kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mizigo ikahama, na mji ukarudi kuwa kijiji. Hakuna aliyeushinda vitani safari hiyo. Wapitaji walipata njia nyingine, basi. Kilichobaki ni kile ambacho reli haikuweza kukihamisha, yaani bahari, na zaidi ya yote kamba.

Kamba hawa hawapo hapo kwa bahati. Kambamiti hutaga baharini, vichanga vyao huingia kwenye mikoko ambako maji ya mto huchanganyika na ya chumvi, na wakishakua hurudi kwenye kina. Wami, mto unaokusanya maji ya milima ya Ukaguru na Nguru, ndio unaowalea. Kwa sababu hiyo bahari ya Bagamoyo na Saadani ilikuwa miongoni mwa maeneo makuu yaliyotengwa kwa meli za kukokota nyavu. Meli zilifanya kazi jirani kabisa na wavuvi wa ngalawa na mashua. Wavuvi walilalamika nyavu zao kukatwa, na samaki wengi waliozolewa pamoja na kamba walitupwa. Mavuno yalipoporomoka, serikali ilisimamisha uvuvi huo wa meli kuanzia mwaka 2008. Ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa unaonyesha pia udhaifu wa kijiji: bahari ilifunguliwa kwa kalamu, ikafungwa kwa kalamu, na kalamu yenyewe haikuwa Saadani.

Kwenye barafu ndiko unyonge wenyewe unakoonekana kwa macho. Kamba akitolewa majini kwenye joto la pwani, kichwa chake huanza kuwa cheusi baada ya saa chache, na bei huanguka pamoja nacho. Mwenye deli la barafu anaweza kungoja, asiye nalo hawezi. Mchuuzi anayekuja na barafu yake analijua hilo, kwa hiyo hana haja ya kupandisha bei. Anachohitaji ni kuvuta muda. Samaki wasiopata mnunuzi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake na hulipa kidogo. Na hata fedha ya kamba wazuri haimfikii mvuvi nzima. Kwanza hutolewa mafuta na chakula cha safari, kisha fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la injini, ambayo mara nyingi yote ni ya tajiri mmoja. Mabaharia hugawana kinachosalia. Tajiri huyo huyo ndiye aliyewakopesha wakati wa kusi, bahari ilipochafuka, naye hununua kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Barabara haifuti deni hilo. Chumba cha baridi kilicho chini ya ushirika wa wavuvi kingeanza kulipunguza.

Haki ya ardhi ni jambo gumu zaidi. Kitongoji cha Uvinje, kilicho sehemu ya kijiji cha Saadani, kimekuwa na mgogoro wa miaka mingi na hifadhi juu ya mpaka, wenyeji wakisema ardhi yao ya asili iliingizwa ndani bila ridhaa yao. Sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi ya watu kuishi ndani ya mipaka. Kule Mafia hali ni nyingine: sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari ndiyo iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, na vijiji vya Jibondo, Chole na Juani vimo ndani yake, watu wakiishi na kuvua kwa masharti. Mivutano haikosekani huko, lakini mvuvi wa Jibondo hahitaji kuthibitisha kwamba ana haki ya kuwepo. Nchi ni moja na bahari ni moja, ila sheria ni mbili.

Watetezi wa hifadhi watauliza: bila ulinzi huo, mikoko ya Wami ingekuwapo leo? Swali ni la haki. Mikoko mingi karibu na miji ya pwani imeishia kuwa mkaa na nguzo, na kamba wa Saadani wananufaika na miti isiyoguswa. Lakini hoja hiyo inampa mvuvi sababu ya kuwa mshirika wa hifadhi, haimpi yeyote sababu ya kumwondoa. Wengine husema utalii utachukua nafasi ya uvuvi. Hoteli za ufukweni zinaajiri watu wachache, na mwaka 2020, korona ilipofunga safari, utalii ulisimama huku watu wa pwani wakiendelea kula na kuuza samaki. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wavuvi wenyewe huharibu, kwa juya na nyavu za matundu madogo, na kwamba wageni wa dago, wanaopiga kambi ufukweni kwa msimu, huvua na kuondoka. Ni kweli. Ndiyo maana haki ya kijiji lazima iende na mamlaka ya kufunga. Kule Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji wenyewe wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua siku moja kwa wote. Watu hukubali kungoja pale wanapojua watakaovuna ni wao.

Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari, maarufu kama BMU (Beach Management Units), vinatambuliwa kisheria tangu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Vingi vimepewa kazi ya polisi bila posho ya polisi: vinakamata juya na kuandika mavuno, lakini havina mafuta ya boti ya doria. Sehemu ya ushuru wa samaki ikirudi kwenye diko ulikokusanywa, na umeme wa kugandisha barafu ukipangwa pamoja na lami badala ya kungojwa baada yake, BMU ya Saadani itakuwa na cha kusimamia. Mawe ya mpaka wa kijiji nayo yanafaa kuwekwa sasa, maana ufukwe uliofikiwa na lami hupata wanunuzi wengi kwa haraka, na wengi wao si wa samaki.