Misheni ya San Sabá na Ngome Iliyokuwa Mbali

Mwezi wa Aprili mwaka 1757, msafara wa Wahispania uliwasili katika bonde la mto San Saba, mahali ambapo leo ni jimbo la Texas nchini Marekani. Siku hizo ulikuwa mpaka wa mbali wa himaya ya Hispania, uliotawaliwa kutoka Mexico. Msafarani walikuwamo mapadri wa shirika la Mtakatifu Fransisko, askari wapatao 100 chini ya Kanali Diego Ortiz Parrilla, pamoja na wake na watoto wao zaidi ya 200.

Desturi ya Wahispania mipakani ilikuwa kujenga misheni na ngome pamoja. Misheni iliwakusanya wenyeji na kuwafundisha dini na kilimo. Ngome iliilinda, na ilipobidi iliwalazimisha wenyeji kutii. Lakini mapadri waliogopa kwamba askari wangewadhulumu waongofu. Kwa hiyo ngome ilijengwa ng'ambo ya mto, maili kama tatu au nne kutoka misheni.

Misheni hiyo ilikuwa kwa ajili ya Waapache, ambao haja yao kubwa ilikuwa kinga dhidi ya maadui zao, Wakomanche. Walipita, wakapokea zawadi, wakaenda zao kuwinda nyati. Hakuna waliokaa. Hata hivyo, machoni pa Wakomanche, Wahispania walikuwa wamekwisha kuwa marafiki wa adui.

Mwezi wa Februari 1758 farasi wa ngome wapatao 60 waliibwa. Kanali alimsihi Padri Alonso Giraldo de Terreros ahamie ngomeni pamoja na wenzake, lakini padri alikataa.

Asubuhi ya tarehe 16 Machi, Wakomanche na washirika wao wapatao 2,000, wengi wakiwa na bunduki za Kifaransa, waliizingira misheni. Walidai kwamba wamekuja kwa amani, na lango likafunguliwa. Kabla ya jua kutua, Padri Terreros, Padri José de Santiesteban na watu wengine kadhaa walikuwa wameuawa, na majengo yakiwaka moto. Kikosi kidogo kilichotumwa kutoka ngomeni kilishindwa kufika. Kanali alibaki kuzilinda familia zilizomo ndani ya kuta. Padri Miguel de Molina, ingawa alijeruhiwa, alitoroka usiku na kuyasimulia aliyoyaona.

Mwaka 1759 Kanali aliongoza jeshi hadi Mto Mwekundu kulipiza kisasi. Huko alikuta kijiji kilichozungushiwa boma imara, akarudi bila ushindi, mizinga yake akaiacha. Misheni haikujengwa tena pale, na baadaye ngome nayo ikahamwa. Hata mahali misheni iliposimama palisahauliwa, mpaka wachimbuaji wa mambo ya kale walipopagundua mwaka 1993.

Mapadri na askari walitofautiana juu ya umbali wa ngome. Lakini chanzo cha msiba kilikuwa kingine: waliingia katika ugomvi wa majirani wawili kabla ya kuuelewa, na gharama yake ililipwa na wale waliokuwa karibu na lango.