Maharage ya Wiki Nzima na Saa Chache Kabla ya Friza

Maharage makavu hula mkaa, gesi na subira. Yale yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita, hasa penye joto na unyevu, hugoma kuiva. Unaweza kukesha nayo jikoni saa tatu na bado yakalia menoni. Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu maji huko huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na kila nyuzi inayopungua huongeza muda wa kupika. Kwa hiyo anayechemsha kilo mbili Jumapili, akazigawa mafungu, akazigandisha na kuunga fungu moja kila jioni, amepiga hesabu ya maana. Ubishi huanza baadaye, na mara nyingi huelekezwa kusikohusika. Wapo wanaodai friza huua chakula, na wapo wanaoamini kwamba kilichoingia friza kimeokoka. Nadhani pande zote mbili zinaitazama mashine kupita kiasi. Usalama wa chakula hicho huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mlango wa friza haujafunguliwa, katika saa chache ambazo sufuria imeepuliwa na inasubiri kupoa.

Kuchemka huua bakteria wengi, lakini si wote. Wapo wanaojifungia ndani ya spora, ganda gumu linalostahimili maji yanayotokota. Maarufu kwa vyakula vizito vya sufuria kubwa ni Clostridium perfringens. Huyu hapendi oksijeni, na kuchemsha kwenyewe huifukuza oksijeni kwenye mchuzi; joto la moto huziamsha spora zake; kisha sufuria inapoepuliwa na kufunikwa, kiini cha chakula hukaa muda mrefu kwenye joto analolipenda, karibu nyuzi 43 hadi 47. Hapo, mambo yakimnyookea, anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Kwa hesabu ya karatasini, mmoja huwa zaidi ya milioni ndani ya saa tatu na dakika ishirini. Jikoni kasi haifiki hapo kila mara, kwani spora huchukua muda kuamka, ila picha ni ileile: maharage yaliyopikwa magharibi na kuachwa mezani hadi asubuhi yamewapa bakteria usiku mzima wa karamu. Na yanaweza yasinuke. Kuchacha tunakokutambua kwa harufu na povu ni kazi ya vijidudu vingine, hivyo pua si shahidi wa kutegemewa hapa.

Kinachotakiwa basi ni kukivusha chakula haraka kutoka kwenye moto hadi kwenye baridi. Kanuni za usalama wa chakula za Marekani huyataka majiko ya biashara yakishushe kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Kwa sufuria iliyojaa, hilo haliwezekani kwa kuiacha tu mezani. Joto la katikati halina njia ya kutoka isipokuwa kupenya unene wote wa chakula, na kwa chakula kizito muda huo hufuata mraba wa unene: punguza kina kwa nusu, nao muda hushuka hadi karibu robo. Ndiyo maana sinia pana la aluminiamu, maharage yakiwa kina cha vidole viwili, linalishinda mbali lile kopo la aiskrimu lililooshwa ambalo karibu kila nyumba inalo. Beseni la maji husaidia, lakini maji ya bomba ya Dar es Salaam yenyewe yana uvuguvugu; yatakifikisha chakula kwenye nyuzi 30 hivi na kukomea hapo, mahali ambapo bakteria bado wanajiona nyumbani. Tumbukiza chupa mbili za maji yaliyoganda kwenye beseni, koroga chakula, funika na kawa kuzuia nzi, na kikishakuwa vuguvugu kihamie kwenye friji. Hakuna haja ya kusubiri kiwe baridi kabisa.

Kosa la upande wa pili ni kuisukumiza sufuria ya moto ndani ya friza. Kugandisha ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Kilo moja ya maji iliyokwisha kufika nyuzi sifuri inadai kuondolewa kilojuli 334 ili iwe barafu, kiasi kilekile kinachohitajika kuyapoza maji hayo kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Friza ya nyumbani hailimudu zigo hilo kwa haraka, na wakati inahangaika, nyama iliyo jirani huanza kulainika. Mafungu membamba yaliyopoa kwanza, yakalazwa yameachana ili hewa ipite kati yake, huganda vizuri. Yakishakuwa magumu ndipo yapangwe kama vitabu.

Wengi watajibu kwamba hawana hofu, kwa sababu chakula hicho watakichemsha tena. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Perfringens aliyekwisha kutoka kwenye spora hufa kwa kuchemshwa vizuri, na yeye hudhuru kwa kutengeneza sumu akiwa tumboni mwa mlaji, kwa hiyo moto wa pili unasaidia kweli. Lakini Bacillus cereus, anayependa wali ulioachwa nje, anaweza kuacha ndani ya chakula sumu ya kutapisha isiyovunjwa hata na joto la nyuzi 121. Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye mikono na pua za wapishi, naye huacha sumu inayovumilia kuchemka. Bakteria wakishakufa sumu inabaki, na friza haiigusi. Wala baridi haiui bakteria wote: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri huacha kuongezeka, na wengi wao huamka barafu ikiyeyuka.

Kuhusu lishe, lawama zimezidi. Protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma ya maharage hayaendi popote kwa kuganda. Vitamini zinazopotea, nyingi zimeshapotea kwa moto na kwa maji yaliyomwagwa. Malalamiko ya ladha ndiyo yenye uzito. Clarence Birdseye, Mmarekani aliyeishi Labrador huko Kanada mwanzoni mwa karne ya 20, aliona samaki aliyegandishwa ghafla kwenye baridi kali akiyeyushwa anakaribia samaki mbichi, na akajenga biashara juu ya jambo hilo. Ugandaji wa polepole huzaa fuwele kubwa za barafu zinazopasua seli. Wa haraka huzaa ndogo. Viazi vya mchuzi, vyenye maji mengi, hutoka vimekuwa kama sifongo, na tui la nazi hukatika. Maharage na choroko havijali sana. Sambusa mbichi zilizokunjwa kabla ya Ramadhani, zikagandishwa na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye mafuta, hutoka safi. Akina mama wa pwani hawakusubiri maabara iwathibitishie. Ugali sioni kwa nini mtu augandishe, maana husongwa kwa dakika chache.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la friza dhaifu na umeme unaokatika. Kwanza, si kila kinachoitwa friza ni friza. Kijisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo huwa na alama za nyota: moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18, na nne ndizo zinazomaanisha kinaweza kugandisha chakula kipya, si kuhifadhi tu kilichoganda. Mwenye nyota moja apange siku chache, asipange mwezi. Pili, umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu kwa 24. Tatizo ni kukatika wakati hupo nyumbani. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiikuta chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena, na kwa kuwa hujui kilikaa saa ngapi kwenye joto, maharage hayo yamwagwe hata kama yananukia vizuri.