Dume Mlinzi na Ndoana ya Mvuvi

Maziwa yaliyotapakaa kusini mwa Kanada na kaskazini mwa Marekani, kuanzia jimbo la Minnesota hadi majimbo ya Ontario na New York, ni mengi kupita kiasi. Mashimo ya sehemu kubwa ya maziwa hayo yalichongwa na barafu nzito iliyoifunika nchi hiyo hadi yapata miaka 10,000 iliyopita. Mengine si ya asili. Ni mabwawa yaliyotokea watu walipoziba mito ili wapate umeme, maji ya kutumia, au njia ya mashua. Katika maziwa na mabwawa hayo huishi samaki aitwaye besi, na mamilioni ya watu humwandama kwa mshipi na ndoana kila mwaka, wengi wao si kwa ajili ya kitoweo bali kwa burudani. Aghalabu samaki akishanaswa hutazamwa, hupimwa, kisha hurudishwa majini akiwa hai.

Afrika ya Mashariki nayo inamfahamu samaki huyu. Besi wa mdomo mpana aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wapenda kuvua kwa mshipi, na baadaye akawa miongoni mwa samaki wanaouzwa sokoni. Lakini Naivasha haigandi. Asili ya besi ni Amerika ya Kaskazini, na katika maziwa ya huko, ambako maji hufunikwa na barafu kwa miezi kadhaa, wataalamu wamejiuliza swali ambalo jibu lake lina uzito popote wanapovuliwa samaki: Je, ndoana humpunguza samaki tu, au humbadilisha tabia na kizazi chake pia?

Besi wanaovuliwa zaidi huko kaskazini ni wa aina mbili. Besi wa mdomo mpana ana taya linalopita nyuma ya jicho, naye hupenda ghuba zenye magugu na maji yaliyotulia. Taya la besi wa mdomo mdogo haliupiti ukingo wa nyuma wa jicho. Huyu huvumilia zaidi maji ya baridi na hupatikana penye mawe na changarawe. Wote wawili wamo katika jenasi iitwayo Micropterus, neno lenye maana ya pezi dogo. Mtu akimtazama besi hataona pezi lolote la ajabu kwa udogo wake. Mfaransa Lacépède, aliyelitoa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa na samaki ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limevunjika, na kipande kilichobaki akakidhania kuwa pezi dogo la peke yake. Kosa liligunduliwa, ila jina halikubadilishwa, kwa kuwa kanuni za kuwapa viumbe majina huheshimu jina lililotangulia hata likiwa na kasoro.

Mwaka mmoja katika ziwa la kaskazini

Maisha ya besi hayawezi kueleweka bila ya kuyaelewa maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofikia nyuzi 4 za sentigredi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi tena, na yakiganda huelea. Ndiyo sababu ziwa hugandia juu, si chini, na ndiyo sababu samaki hupata mahali pa kuishi chini ya dari la barafu. Mwili wa samaki hufuata joto la maji yanayomzunguka. Kwa hiyo wakati wa baridi kali besi hupungukiwa nguvu, hutulia vilindini, na kula kwake huwa kidogo sana au hukoma kabisa. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini wakati wa kiangazi cha huko.

Barafu ikiisha kuyeyuka, maji ya kando, ambako kina ni kidogo, hupata joto kwanza. Yanapofikia nyuzi 15 hivi, jambo ambalo katika Ontario hutokea mwezi wa Mei au Juni, besi dume huyaacha maji marefu akaja ufukoni. Hapo huanza kazi ambayo wasomaji waliozoea kuona samaki wakitaga na kwenda zao wataistaajabia. Dume hupepea mchanga au changarawe kwa mkia wake hata akapata shimo la mviringo, safi, lenye upana unaokaribia mara mbili ya urefu wake mwenyewe. Jike huja, hutaga mayai kwa maelfu, dume huyarutubisha, kisha jike huondoka. Kuanzia hapo mlezi ni baba peke yake. Huyapepea mayai ili maji yenye oksijeni yapite juu yake na vumbi lisiyafunike. Huwafukuza samaki wadogo wanaonyemelea, huwafukuza kamba wa maji baridi, na hata besi wenzake. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, lakini vifaranga hubaki wamekusanyika kama wingu dogo jeusi, na dume huendelea kuwalinda hadi waweze kujitegemea. Kazi yote huweza kuchukua muda wa majuma mawili hadi zaidi ya mwezi, na kwa muda wote huo mlinzi hula kwa nadra.

Katika mabwawa kazi hiyo ina hatari nyingine. Kiota kilichochimbwa penye maji ya kina cha mita moja huachwa kikavu endapo mafundi wa bwawa wanafungulia maji mengi mwezi wa Mei. Yakiingia kwa ghafula maji ya baridi kutoka mtoni, dume huweza kukiacha kiota chake.

Kwa nini dume apate taabu yote hiyo? Jibu limo katika ufupi wa kiangazi. Kifaranga aliyeanguliwa Juni ana miezi michache tu ya kula na kukua kabla ya maji kupoa tena. Mwili mdogo hutumia akiba yake upesi kuliko mwili mkubwa, kwa kulinganisha na uzito wake. Uchunguzi wa besi wa mdomo mdogo katika maziwa ya Ontario, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980, ulionyesha kwamba vifaranga wanaoingia katika majira ya baridi wakiwa wadogo hufa kwa njaa kabla ya barafu kuyeyuka, hali wakubwa wao huokoka. Huo ndio mpaka wa samaki huyu upande wa kaskazini: mahali ambapo kiangazi hakitoshi kumkuza kifaranga, besi hawadumu. Kwa hiyo kiota kilichoharibika mapema hakifidiwi kwa urahisi na kingine cha baadaye. Watoto wa kiota cha pili huenda wasiwahi.

Ndoana kiotani

Sasa mvuvi anafika. Anatupa chambo, pengine cha bandia, samaki wa mti au wa mpira, na kinapita karibu na kiota. Dume hana njaa ya kukila, lakini hukiuma vilevile, maana kwake kila kitu kinachokikaribia kiota ni adui. Ujasiri wake wa kulinda ndio unaomfikisha kwenye mshipi.

Wachunguzi waliotazama viota katika Ziwa Opinicon, mashariki mwa Ontario, waliandika mwaka 1997 yale yanayofuata. Mlinzi akiondolewa, samaki wadogo waliokuwa wakivizia huingia kiotani ndani ya dakika chache na kuanza kula mayai. Dume akirudishwa majini upesi na karibu, mara nyingi hurudi kwenye kiota akaendelea na ulinzi. Akikawizwa nje, au akiachiwa mbali, akifika hukuta mayai yamepungua sana, na dume anayekuta mayai machache huelekea kukata tamaa na kuondoka.

Hasara hiyo ya kiota kimoja inaonekana kwa macho. Lililo gumu zaidi kuliona ni badiliko la kizazi, na hapa kuna jaribio ambalo linastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika jimbo la Illinois kuna bwawa dogo liitwalo Ridge Lake, lililotengenezwa mwaka 1941. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kila besi aliyevuliwa humo alipimwa, alitiwa alama, akaandikwa katika daftari, kisha akarudishwa majini. Mpango huo ulidumu miaka minne. Besi mmoja alinaswa mara tatu katika siku mbili za mwanzo; mwingine alinaswa mara 16 katika mwaka mmoja. Mwishoni maji ya bwawa yalimwagwa yote, wakakusanywa besi zaidi ya 1,700. Kati yao, 200 hivi hawakuwa wamenaswa hata mara moja katika miaka yote minne, ijapokuwa walikuwamo humo humo wakipitiwa na chambo zile zile.

David Philipp na wenzake waliwatenga samaki hao katika makundi mawili: walionaswa mara nyingi, na wale ambao hawakunaswa kabisa. Kila kundi liliachwa lizaane lenyewe. Watoto wa makundi yote mawili walilelewa pamoja katika mabwawa, wakaanza kuvuliwa, na kazi ikarudiwa kwa vizazi vitatu. Katika kila kizazi, tofauti kati ya makundi ilizidi kupanuka. Inafaa kuangalia kwa makini upande uliobadilika zaidi: kundi lililozoeleka kunaswa halikuongeza sana wepesi wake, bali lile la wakwepaji ndilo lililozidi kuwa gumu kunaswa.

Hapa mwalimu anaweza kupata mfano mzuri wa somo la urithi. Kiwango cha kurithiwa kwa tabia hiyo kilikadiriwa kuwa asilimia 15 hivi. Maana yake si kwamba asilimia 15 ya samaki wamerithi kitu fulani. Maana yake ni kwamba wazazi waliochaguliwa wakitofautiana na wastani wa wenzao kwa kadiri fulani, watoto wao watatofautiana na wastani huo kwa asilimia 15 ya kadiri hiyo. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba besi wa kawaida hunaswa mara 4 kwa msimu, na wazazi walioteuliwa hunaswa mara 2. Tofauti ni 2. Asilimia 15 yake ni 0.3; basi watoto watazamiwe kunaswa mara 3.7. Badiliko la kizazi kimoja ni dogo, lakini uvuvi haukomi katika kizazi kimoja.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba besi hujifunza tu: aliyechomwa na ndoana huogopa. Ni kweli kwamba besi hujifunza, na katika ziwa la kawaida ni vigumu mno kutenganisha woga wa kujifunza na woga wa kurithi. Nguvu ya jaribio la Illinois ilitokana na kuwatumia watoto ambao hawakuwa wameionja ndoana hapo kabla. Wao walikuwa na urithi wa wazazi, si kumbukumbu zao.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofuata, uliofanywa katika mabwawa kwa kutumia samaki wa makundi hayo hayo. Madume wa kundi la wepesi kunaswa walikilinda kiota kwa ukali na bidii kuliko madume wa kundi la wakwepaji, na walifaulu zaidi kuacha watoto. Ndiyo kusema, ndoana haichukui besi kwa bahati nasibu. Inamtangulia baba bora. Wavu wa Naivasha huchagua kwa ukubwa wa mwili, na serikali inaweza kuutengeneza upya kwa kupanua matundu. Ndoana huchagua kwa tabia, na tabia haina tundu la kupanuliwa.

Pamoja na hayo, haijawa rahisi kutunga sheria. Ziwa haliishi kwa kiota kimoja. Viota vichache vilivyofaulu katika mwaka wa joto vinaweza kujaza ziwa vifaranga, na kwa sababu hiyo wako wataalamu wanaoamini kwamba hasara ya viota binafsi humezwa na wingi. Wengine hujibu kwamba hoja hiyo inahesabu vichwa vya samaki tu, wala haielezi ni samaki wa namna gani wanaobaki. Serikali jirani zimechukua njia tofauti. Jimbo la Michigan liliruhusu, tangu mwaka 2015, besi wavuliwe karibu mwaka mzima mradi nje ya msimu warudishwe majini mara moja. Ng'ambo ya maji hayo hayo, katika sehemu kubwa ya Ontario, besi walikuwa hawaruhusiwi kuvuliwa hadi siku fulani ya mwezi wa Juni, ili madume wengi wawe wamekwisha kulea. Mvuvi aliyetupa ndoana yake kwa ajili ya samaki mwingine akamnasa besi kabla ya siku hiyo alitakiwa kumwachia hapo hapo. Naye akifanya hivyo bila ya kumtoa samaki majini kwa muda mrefu, dume huenda akakikuta kiota chake kikiwa bado na mayai.