Akili Nayo Inahitaji Kupumzika



Mwezi huu tuongee juu ya kutuliza akili kwa kutumia vitu ambavyo Mungu ametupa bure: hewa, miti, milima na ziwa letu.

Asubuhi moja alikuja kwetu mama mmoja. Alilalamika kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Damu ilitosha. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Alikwisha kumeza vidonge vingi vya dukani, na majirani walimwambia amerogwa. Nilimketisha pembeni nikamwuliza, "Mwanangu, nyumbani kukoje?" Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, mume wangu akiingia ziwani usiku, mimi silali. Upepo ukivuma kidogo tu, natoka nje kusikiliza."

Ugonjwa wake ulikuwa hapo.

Mtu akiogopa, mwili hutoa kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Mungu ametuumba hivyo ili tuweze kumkimbia mamba. Lakini hofu ya madeni, ya ada ya shule au ya mume aliye majini haikimbiliki. Mwili hubaki umejikaza usiku na mchana, ndipo yanapokuja maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya tumbo.

Mtauliza: "Sisi wa Kirando tunashinda nje kila siku, mbona hatutulii?" Ni swali zuri. Kumbukeni uvuvi uliposimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Akina baba wengi walikaa chini ya miembe kutwa nzima. Mwili ulikuwa kivulini, lakini akili ilikuwa kwenye madeni. Kukaa nje peke yake si kupumzika. Tunapumzika pale mwili na akili vinapokaa mahali pamoja.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Nusu yao walilala mahali ambapo dirishani waliona miti, na nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi.

Basi tufanyeje?

1. Chagua mahali na saa. Asubuhi jua likitoka nyuma ya milima ya Ufipa, au jioni likielekea kuzama upande wa Kongo. Dakika 10 zatosha kuanzia. Simu iache nyumbani.

2. Keti, egemea mti. Vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi. Fanya hivyo mara 10. Pumzi ndefu husaidia moyo kupunguza mwendo.

3. Tazama kitu kimoja tu, kama majani yanayotikisika au wimbi linalokuja na kurudi. Kisha sikiliza: ndege, kasia, watoto kwa mbali. Kisha sikia upepo kwenye ngozi na harufu ya dagaa walioanikwa.

4. Mawazo yatakuja. Usigombane nayo, wala usikate tamaa. Rudi tena kwenye wimbi, hata mara 20.

5. Maliza kwa kumshukuru Mungu. Bwana wetu mwenyewe aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu kusali (Marko 1:35), ingawa wagonjwa waliomtafuta walikuwa wengi.

Akina mama wataniambia, "Dakika 10 nitazipata wapi, maji na kuni vinaningoja?" Hapo nawaomba akina baba: mpokeeni mtoto kwa dakika hizo. Nanyi baadaye mkapate zenu.

Sasa tahadhari. Msikae karibu na maji, kwa sababu ya mamba. Msiingize miguu kwenye maji yaliyotulia penye magugu, maana humo kuna konokono wa kichocho. Giza likiingia, rudini nyumbani kwa ajili ya mbu, na mlale ndani ya chandarua. Mwenye dawa za presha asiziache. Utulivu husaidia dawa, hauchukui nafasi yake. Na mtu akiwa na huzuni isiyoisha kwa zaidi ya majuma mawili, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aletwe hospitali. Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake hata kidogo. Mleteni siku hiyo hiyo. Msimcheke wala msimfiche, huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Yule mama nilimwambia pia arudi pamoja na mumewe. Hofu yake haikuwa ya bure, kwani ziwa linaua. Kutuliza akili si kufumbia macho hatari. Tuliongea sote watatu, na mume akakubali kununua jaketi la kuokolea maisha na kutoingia majini upepo ukionekana mbaya. Mama naye akaanza kukaa chini ya mwembe wao kila jioni.

Baada ya miezi miwili nilikutana naye sokoni. Nikamwuliza, "Unalala?" Akajibu, "Si kila siku, mama. Lakini nalala." Presha yake ilikuwa imeshuka, na vidonge vya dukani ameacha.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha moto wa chakula, jaribuni dakika hizo 10. Mungu awabariki.

Muuguzi wenu,
Kirando