Jani Hupimwa Kabla ya Kunywewa



Hapana mkulima auzaye karafuu zake kwa harufu tu. Mnunuzi huzishika, hutazama kama zimekauka barabara, hutafuta makonyo na mpeta, kisha huziweka mizanini. Karafuu yenye harufu nzuri na unyevu ndani yake hushushwa daraja, nasi twakubali kuwa ni haki. Lakini likisemwa kuwa jani fulani laponya malaria, wengi wetu twalitwanga na kulichemsha siku ile ile, bila ya kuuliza limepimwa na nani. Kwa hiyo tumeona vyema kueleza hapa namna jani linavyopimwa, na kwa nini safari yake ni ndefu.

Kwanza yatupasa kumjua adui. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na humo hula, hukua na kuzaana. Kazi hizo hufanywa kwa vimeng'enya, navyo ni mfano wa kinu na mchi: nafaka huingia nzima, hutoka unga. Jiwe likikwama ndani ya kinu hapatwangwi kitu, na nyumba hulala njaa. Dawa ya namna hii ndiyo jiwe lenyewe. Mimea hutengeneza vitu vingi vya kujikinga na wadudu na kuvu, na baadhi ya vitu hivyo vyaweza kukwamisha kinu cha kimelea. Ndiyo sababu wataalamu hutafuta dawa katika majani, magome na mizizi.

Walakini mwanadamu naye anavyo vinu vyake. Jiwe likwamishalo vyote viwili si dawa, ni sumu. Huko China upo mmea uitwao changshan, uliotumiwa kwa homa tangu zamani. Kitu kilichomo, febrifujini, huua vimelea kweli kweli, na mwaka 2012 wataalamu walieleza ni kimeng'enya gani kinachokwamishwa nacho. Lakini mgonjwa hutapika vibaya, na kwa ajili ya madhara yake hakikupata kuwa dawa ya kawaida ya hospitali.

Hapa kwetu nako kazi imefanywa. Mwaka 1990 na 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, miongoni mwao Mayunga Nkunya, walitangaza matokeo ya kupima mimea ya dawa ya Tanzania juu ya vimelea vya malaria vilivyokuzwa katika chupa. Baadhi ya mimea ilionyesha nguvu. Lakini chupa si mtoto. Kitu kikimezwa huenda kikaharibiwa tumboni, au kikabadilishwa na ini, au kikafika katika damu kidogo mno. Kwa hiyo baada ya chupa hufuata wanyama, kisha watu wazima wachache wenye afya, ndipo wagonjwa, tena kwa hesabu na uangalizi. Mimea mingi huishia njiani.

Hata dawa iliyovuka hatua hizo zote yaweza kushindwa, maana kimelea ni mjanja. Katika miaka ya 1950 watu wa Mkuzi, huko Muheza, walipewa pirimethamini, dawa ya kiwandani ikwamishayo kimeng'enya kimoja tu. Haukupita muda mrefu vimelea vikageuka, dawa isivipate tena. Kadhalika atovakwoni, ambayo asili yake ni utafiti wa kitu kiitwacho lapakoli kilichomo katika miti ya Amerika ya Kusini: ilipotumiwa peke yake baadhi ya wagonjwa walirudiwa na homa, ikabidi iunganishwe na proguanili. Tangu hapo wataalamu hawataki jiwe moja peke yake; hutaka mawili.

Sisi wenyewe tumeyaona hayo. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini kwa kuwa haikuponya tena, ikashika SP. Mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Sehemu moja ya dawa mseto yatokana na artemisinini, iliyopatikana China mwaka 1972 katika jani la jamii ya pakanga. Nayo yataka kulindwa: mwaka 2024 wataalamu walitangaza kuwa huko Kagera wamekuta vimelea vinavyochelewa kuondoka katika damu. Dawa mseto bado yaponya, lakini alama ya hatari imekwisha onekana, na haja ya mimea mipya ni ya kweli.

Basi sisi tufanye nini? Baina ya Songo Songo na hospitali ya Kilwa Kivinje kuna bahari, na malaria kali yaweza kumwangusha mtoto kwa siku moja au mbili. Haingoji kusi litulie. Mtoto akipata homa na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu, na akipewa dawa aimalize yote. Asipewe chai ya majani mahali pa dawa, hata ya pakanga. Shirika la Afya Duniani lilionya hivyo mwaka 2019, kwa kuwa nguvu ya jani hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa namna ya kukausha. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa hilo.

Tena tusiidharau elimu ya wazee. Mwenye kujua mti, jina lake na sehemu itumikayo, awaonyeshe vijana wake, wala mti usikatwe ovyo. Wataalamu wakija kuuliza, tuwaambie kweli, pamoja na yale yaliyoshindikana. Mti uliokatwa leo hautapimwa kesho, na mtoto aliyecheleweshwa kwa ajili ya kikombe cha majani huenda asiione kesho hiyo.