Waliofia Ikoma Nao Wahesabiwe (Sehemu ya Nne)

Siku ya Mashujaa imepita tena. Mkuki na ngao vimewekwa mnarani, tarumbeta imelia, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limepata mfano wake wa mwaka. Ni jambo jema. Hata hivyo, mashujaa wanaotajwa siku hiyo ni wa Songea na Kagera, na mtoto wa Tarime au Serengeti anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa Ikoma, jirani yake kabisa.

Sehemu iliyopita tuliiacha safu ya ofisa wa Kijerumani, Wintgens, ikijitenga na Wajerumani wenzake kule kusini, Februari 1917, na kushika njia ya kaskazini. Mei, Wintgens akiwa mgonjwa, alijisalimisha kwa Wabelgiji. Ofisa mwenzake, Naumann, akachukua uongozi, akavuka Reli ya Kati, na katikati ya mwaka akaitwaa ngome ya Ikoma. Wabelgiji waliomfuata hapo walipigwa. Majina ya maofisa tunayo. Lakini askari wa Mjerumani walikuwa Waafrika, na hao “Wabelgiji” wengi wao walikuwa Wakongo. Nyuma yao wote walitembea wapagazi. Wapagazi waliofia upande wa Mwingereza peke yake katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikautaja ubaguzi kuwa sababu.

Wapo wasemao kwamba vita hivyo vilikuwa vya wageni. Ni kweli, na aliyebebeshwa risasi kwa nguvu si lazima aitwe shujaa. Ila kumkumbuka mtu si kumsifia bwana wake. Wengine huhofia kwamba Tarime, iliyoumizwa na mapigano ya koo, haihitaji watoto wasimuliwe vita. Anayestahili kuhofiwa ni kijana aliyelishwa sifa za ushujaa tu, maana huyo ndiye hushika panga upesi. Aliyefundishwa kuhesabu waliokufa kwa kuhara chini ya mzigo wa mwingine huuliza kwanza: vita hivi ni vya nani?

Waliofia Kagera wana makaburi yao Kaboya. Walimu, kabla ya 25 Julai ijayo, wapelekeni watoto Ikoma. Na mzee ambaye ukoo wake ulipoteza mpagazi amtaje jina, mtoto aliandike daftarini.